Wakuu mlioko Marekani, hizi kuponi zinaokoa hela kweli au tunachezewa akili?

Binti_Tandale aliandika:

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu siku nyingi ila leo yamenifika nimeona bora nianzishe uzi.

Niko Columbus, Ohio, huu mwezi wa nne tangu nimfuate mume wangu. Tuna mtoto wa miezi minane. Mzee anapiga kazi usiku kwenye maghala ya mizigo, mimi kibali cha kazi bado hakijatoka kwa hiyo ofisi yangu kwa sasa ni mtoto na jiko. Ananiachia dola 600 kwa mwezi, humo humo chakula, sabuni na pampasi, na sitawadanganya, mwezi uliopita ziliisha tarehe 22 nikawa nafungua friji naiangalia kama naangalia tamthilia.

Sasa kila katikati ya wiki kwenye sanduku la barua yanakuja makaratasi ya rangi rangi ya matangazo ya maduka, mimi nilikuwa natupa. Siku hiyo jirani yangu, bibi mmoja wa hapa hapa, akanikuta natupa akashika kichwa, akaniambia binti hizo ni hela. Basi nikakaa na mkasi kama fundi cherehani, nikakata dawa ya meno, nikakata sabuni, nikakata zile nafaka za boksi za kula na maziwa, mpaka ya chakula cha paka nikakata na paka sina, nikasema huwezi jua mbele ya safari.

Nikaenda dukani (duka silitaji). Nafika kwenye nyama naona lebo ya njano kubwa kama bango la mgombea, mapaja ya kuku senti 99 kwa paundi. Nikasema leo ndio leo. Nikabeba pakiti tatu za familia, jumla paundi 12, najua nitalipa kama dola 12 hivi. Kufika kwa keshia, binti mdogo tu mwenye kucha ndefu, anapitisha vitu pi pi pi, kuku wakasoma dola 29 na senti 88!! Nikamwambia dada mbona pale pameandikwa 99, akaenda akarudi na picha ya ile lebo kwenye simu yake, akanikuzia kwa vidole, chini kabisa kwa maandishi madogo kama sisimizi imeandikwa bei hiyo ni kwa mwenye kuponi ya dijitali, yaani ilitakiwa niwe na apu yao na niwe nimeibonyeza kabla. Nyuma yangu foleni watu sita, mtoto ameanza kulia, nikalipa.

Na zile karatasi zangu sasa, katika tano nilizokuwa nazo mkononi moja imeisha muda, mbili akasema saizi siyo, zikapita mbili. Nimeokoa dola 1 na senti 75. Tena hiyo ya nafaka ilinilazimisha ninunue maboksi mawili, na nyumbani kwangu hakuna anayekula kile kitu, mzee ameonja akauliza kama ni chakula cha kuku.

Naombeni mnifungue macho. Hivi kuna mtu humu anabana matumizi kwa hizi kuponi kweli? Zinaendaje? Au nirudi kwenye kutupa makaratasi? Nawasilisha.

---

Mzee_wa_Tonge aliandika:

Pole sana bibie. Huku kwetu kuponi ni mdomo wako. Unafika Kariakoo asubuhi na mapema jamaa hajauza hata kitu, unamwambia nifungulie biashara, sufuria la elfu 35 unaondoka nalo kwa 24 na mwiko juu. Ukimtolea karatasi umeikata na mkasi atauliza ndugu zako wako wapi.

Naendelea kuweka kambi hapa.

---

MamaMapacha_Houston aliandika:

Mdogo wangu pole, wote tulipigwa hivyo hivyo mwanzoni, mimi nilipigwa kwenye juisi. Kwanza kabla hujasoma mbele, hiyo risiti unayo? Kama unayo irudishe dukani, usiende kwa keshia, nenda kaunta ya huduma kwa wateja, ongea taratibu, waambie sikuona maandishi ya chini na sasa nimejiunga na apu. Mara nyingi wanarekebisha, mimi nimerudishiwa zaidi ya mara tatu. Wakikataa hujapoteza kitu.

Sasa elewa kitu kimoja, kuponi ziko za aina mbili na ukichanganya ndio unaumia. Kuna kuponi ya KIWANDA, yaani mwenye dawa ya meno ndiye anayelipa lile punguzo, hiyo inafanya kazi duka lolote linalopokea kuponi. Na kuna kuponi ya DUKA, hiyo duka limejipunguzia lenyewe, ukiipeleka duka jingine wanakuangalia tu. Utamu ni kwamba maduka mengi yanakuruhusu kuweka moja ya kiwanda na moja ya duka kwenye kitu kimoja, na kama kitu chenyewe kiko kwenye ofa wiki hiyo basi umegonga mara tatu. Lakini mbili za kiwanda kwenye kitu kimoja hapana, na watu wengi hawajui kwamba zile unazobonyeza kwenye apu nyingi ni za kiwanda, kwa hiyo ukishabonyeza ya kwenye simu ile ya karatasi ya kitu hicho hicho inakataliwa. Halafu soma yale maandishi ya sisimizi. Likiandikwa moja kwa kila KITU maana yake una chupa nne unatumia kuponi nne, likiandikwa moja kwa kila MUAMALA basi ni moja tu hata ukibeba rafu nzima. Na saizi! Kuponi inasema aunsi 4 au zaidi wewe umebeba ile ya saizi ndogo ya safari, haipiti.

Kwa kuwa uko Ohio ngoja nikupe mfano wa maduka ya Kroger, hapo ndio kwao, makao makuu Cincinnati, na huku Houston pia wamejaa. Kadi yao ni bure, unajiandikisha na namba ya simu basi. Bonyeza kuponi zako ukiwa NYUMBANI na wi-fi, ukiwa ndani ya duka mtandao unazunguka tu wakati mtoto analia. Zile ofa kubwa za wiki za dijitali mara nyingi unaweza kuchukua hadi vitu vitano kwa muamala mmoja kwa ile bei, kwa hiyo siku hiyo ndio unajaza friza. Na kila dola unayotumia ni pointi moja ya mafuta, pointi 100 ni senti 10 kwa galoni, ukifika 1,000 ni dola nzima kwa kila galoni, mwisho galoni 35 kwa mara moja. Sasa mzee wako anaendesha kwenda kazini kila usiku si ndio? Ukitumia hapo dola 600 una senti 60 kwa galoni, tenki la galoni 14 hapo umeokoa dola 8 na senti 40 bila mkasi. Ila pointi za mwezi huu zinakufa mwisho wa mwezi ujao, usizitunze kama mahari.

Ukiona imeandikwa 10 kwa dola 10 usibebe kumi, maduka mengi hata moja unalipa dola moja, ile kumi ni ya kukutega. Lakini ikiandikwa nunua 5 upate punguzo, hapo lazima zitimie tano, ukibeba nne unalipa bei ya kawaida zote. Nimeshuhudia mtu anabishana na mashine kwa hilo.

Haya, sasa hili ndio nililotaka kulisema tangu mwanzo. Kaa chini uangalie hizo karatasi zako zinapunguza NINI. Sabuni ya nguo, dawa ya meno, shampuu, pampasi, soda, nafaka za boksi, biskuti. Mimi nina miaka 11 nchi hii sijawahi kukata kuponi ya maharage makavu. Wala ya kitunguu. Wala ya unga. Kuponi inatolewa na mwenye jina la kutangaza, na kitunguu hakina jina. Kwa hiyo chakula chetu sisi kuponi hazikigusi, ukilazimisha kula kwa kuponi utajikuta unakula vyakula vya maboksi ambavyo hujui hata vinaliwaje, kama ulivyoona kwa hizo nafaka. Mimi kuponi natumia BAFUNI na kwa WATOTO, basi. Jiko nalibana kwa njia nyingine.

Jikoni nenda duka la Aldi. Beba senti 25 ya kufungulia toroli (unarudishiwa ukilirudisha) na beba mifuko yako. Kuponi za kiwanda hawapokei kabisa, na vitu vyao karibu vyote ni vya jina lao wenyewe, ndio maana bei iko chini. Kuku, subiri akishuka bei kwenye duka lolote, nunua wa wiki tatu ukagandishe. Sukuma wiki huku zinaitwa collard greens, fungu moja linatosha watu wanne. Mchele chukua gunia la paundi 20 duka la Wahindi. Na unga, nakuomba, usije ukanunua ule wa Maseca ukadhani ni sembe, ule mahindi yake yamechemshwa na chokaa, utasonga ugali unanukia tofali, tafuta wenye maandishi ya white cornmeal uliosagwa laini au nenda duka la Waafrika, Columbus hamkosi.

Na jifunze kile kilebo kidogo cha pembeni ya bei kinachosema senti ngapi kwa aunsi. Mfano wa juzi tu, sabuni ya nguo ya jina kubwa dola 12.99, nina kuponi ya dola 3, nikafurahi, inabaki 9.99. Pembeni yake sabuni ya jina la duka, ujazo ule ule, dola 6.50 bila kuponi yoyote. Nikairudisha kuponi kwenye pochi.

---

Binti_Tandale aliandika:

Dada Mungu akubariki, nimesoma mara mbili na mzee nimemsomea kwa sauti. Risiti ninayo, nilikuwa nimeifanya alama ya kitabu. Ila naona aibu kurudi pale, na hata kutoa makaratasi mbele ya watu naona kama naomba omba.

---

keshia_mstaafu aliandika:

Dada aibu ya nini sasa. Nimekaa kwenye ile mashine miaka mitatu, ngoja nikwambie upande wa ndani.

Chukua kuponi yoyote ya kiwanda uliyokata, soma chini kabisa. Utaona wameandika duka litarudishiwa thamani ya kuponi PAMOJA NA senti 8 za usumbufu. Na anwani ya kuzituma, nyingi ni Del Rio au El Paso, Texas. Yaani ile dola yako moja duka halijapoteza, linaidai kwa kiwanda na linaongezewa senti nane juu. Mle kwenye droo kuponi tunaziweka kama hela, jioni zinahesabiwa kama hela, zikipungua meneja ananuna kama hela. Kwa hiyo unapotoa kuponi huombi, unalipa. Keshia akikununia ni njaa zake na miguu inamuuma, siyo wewe.

Mambo ya kiutu tu: usije Jumamosi mchana wala jioni ya Jumapili. Njoo asubuhi Jumanne au Jumatano. Zipange kuponi kwa mfuatano wa vitu vyako, mwambie keshia mapema kwamba ninazo tano. Na kama unazo nyingi usiende kwenye mashine za kujihudumia, ile taa nyekundu itakuwakia kila dakika na yule mama mmoja anayesimamia mashine nane atakuchukia bure. Kitu cha ofa kikiwa kimeisha, uliza kama wanatoa "rain check", ni karatasi ya kukushikia ile bei mpaka mzigo urudi, sio maduka yote wanatoa siku hizi lakini kuuliza ni bure.

Halafu onyo. Kuna magrupu ya Facebook na Telegram wanauza kuponi, au wanakutumia picha ya kuponi ya kupata kitu BURE, pampasi boksi zima bure, ukaprinti mwenyewe. Kimbia. Kuponi feki ni kesi. Mwaka 2021 kuna mama Virginia Beach alihukumiwa miaka 12 jela, alikuwa anazitengeneza kwenye kompyuta yake mwenyewe, hasara yake ilizidi dola milioni 31. Wewe karatasi zako za uhamiaji bado ziko mezani kwa watu, usicheze na vitu vya hivyo kwa ajili ya pampasi.

---

Bwana_Gunia aliandika:

Mmepamba sana wakuu, ngoja na mimi nitie maji kwenye maziwa.

Mimi niko Minnesota. Mke wangu aliingia kwenye haya mambo mwaka juzi, akaanza na faili, faili likawa mafaili, ana mifuko ya plastiki kama ya kuwekea kadi za harusi, Jumapili ananunua magazeti matatu. Mwanzoni nilishangilia. Siku nimeingia gereji kutafuta koleo la theluji sipati pa kukanyaga. Nikaanza kuhesabu, dawa za meno 41. Tuko watu wanne na mmoja hana meno bado. Sosi ya haradali chupa 17, niambieni Mgogo na haradali wapi na wapi. Nikamuuliza mama nanii hii ni akiba au ni duka, tukanuniana siku mbili. Na kila Jumamosi gari inazunguka maduka manne kufuata senti 50 huku na dola huko, mafuta hayo hayahesabiwi kwenye risiti.

Mjue hizi karatasi hazikubuniwa kukusaidia wewe. Inasemekana Coca-Cola ndio walizianza, miaka ya 1880 huko Atlanta, wakagawa vikaratasi vya kunywa glasi moja bure. Hakuna aliyekuwa na kiu ya Coca-Cola kabla ya hapo, lengo lilikuwa uonje urudi na hela yako. Mpaka leo kazi ni ile ile, wanakulipa dola moja ujaribu kitu ambacho hukuwa nacho kwenye akili.

Sisi tulichofanya ni hivi. Familia nne za Kibongo, mimi ndio nina kadi ya Costco, lile duka la jumla la wanachama, dola 65 kwa mwaka. Kwao kuponi za kiwanda hawapokei, bei ni ile. Mara moja kwa mwezi naenda na mmoja wao, nalipa mimi mwenye kadi maana ndio sheria yao, wenzangu wananirushia hela kwa Zelle jioni hiyo hiyo (asiyerusha hagawiwi, nilishaumia mara moja). Mchele, mafuta ya kupikia, vitunguu gunia, sukari. Siku nimechoka nabeba na kuku wa kuchoma dola 4.99, huyo mifupa yake mke anachemsha supu, mnakula siku mbili. Na mbuzi tunaenda shamba, mzima, tunagawana kwa mapaja, wa kichwa na utumbo hulipa kidogo kuliko wenzake. Mkasi ulishawekwa kabatini.

Dawa za meno bado tunazo.

---

MamaMapacha_Houston aliandika:

@Bwana_Gunia nimecheka mpaka mapacha wameamka. Ila kaka huyo alipatwa na ugonjwa wa kuponi, sio kosa la kuponi. Mimi sheria yangu ni kwamba orodha naandika KWANZA, kuponi natafuta BAADAYE. Kitu hakipo kwenye orodha hata kiwe senti tano nakiacha pale pale.

---

chai_na_mkate aliandika:

Wueh, nimepita tu kusalimia kutoka Leicester. Hapa Uingereza mambo ya kukata na makasi siyo sana, hapa ni kadi. Clubcard ya Tesco imekuwa tangu 1995, sasa hivi ukiingia dukani kila kitu kina bei mbili, ya mwenye kadi na ya wewe ambaye hujui. Siagi hiyo hiyo, mtu aliye nyuma yako analipa kidogo kuliko wewe. Kadi ni ya bure lakini jueni wanaweka rekodi ya kila kitu unanunua, mimi wananitumia vocha za maziwa ya mtoto mpaka leo na mtoto wangu ako darasa la tatu.

Lakini siri ya huku ni stika za njano. Jioni karibu na kufunga kuna kijana hutoka na kamashine kake ka kubandika lebo, anaanzia kwa mkate, anaenda nyama, anamaliza na mboga. Sisi wamama wa Kiafrika tunamfuata polepole na toroli kama hatumjui, kila mtu anajifanya anasoma pakiti ya pasta. Akibandika tu mkono umeshafika. Nilipata mguu wa kondoo nusu bei wiki jana, ulikuwa unaisha tarehe siku hiyo, niliuweka kwa friza nikifika, tukaula Jumapili. Dadangu wa Ohio angalia pia huko, lazima kuna kona yao ya vitu vinakaribia tarehe.

---

keshia_mstaafu aliandika:

Ipo, kwenye nyama angalia asubuhi mapema badala ya jioni, sisi tulikuwa tunabandika tukifungua.

---

Binti_Tandale aliandika:

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyolelewa, wiki tano zimepita.

La kwanza, ile risiti. Nilijikaza Jumanne asubuhi nikaenda, kaunta nikamkuta baba wa makamo, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, akaangalia risiti, akaangalia mtoto, akaniambia pakua apu hapa hapa, nikapakua, akanirudishia dola 18 kamili mkononi. Nilitoka pale natembea kama nimechaguliwa ubunge.

La pili pampasi, hapa nilipiga hesabu mwenyewe. Kuna duka waliweka ofa, nunua maboksi mawili upewe kadi ya zawadi ya dola 15 ya kutumia safari inayofuata. Boksi moja dola 32, mawili 64. Nilikuwa na kuponi mbili za kiwanda za dola 3 kila moja, zimeandikwa moja kwa kila KITU (dada nilisoma!!), ikabaki 58, nikapewa na ile kadi ya 15, kwa hiyo ukitoa ni 43, boksi linasimama dola 21 na nusu. Nikamwonyesha mzee kwa madaha. Akafungua simu yake, akanionyesha za jina la duka boksi lile lile dola 22 bila kukata chochote, akacheka. Sawa tumejaribu hizo za 22, usiku wa kwanza mtoto alilowana mpaka shuka, kwa hiyo narudi kwenye kuponi zangu na mzee amenyamaza.

Nafaka za boksi zile mbili tulimpa bibi jirani, kafurahi sana, kaniletea karatasi nyingine rundo.

Aldi nimeenda na senti 25 yangu, nikasahau mifuko, nikabeba vitu kwenye kanga ya mtoto. Unga nimepata duka la Waafrika, mzee amekula ugali akaita mtoto kwa jina la mama yake mzazi, huwa anafanya hivyo akishiba. Kuku wa ofa nimegandisha paundi 20, friza haifungi vizuri nimeegesha kiti.

Haya, jana ilikuwa tarehe 22. Zimebaki dola 141. Mzee alihesabu mara mbili akaniuliza nimezitoa wapi, nikamwambia tulia baba, hizo zinaenda kwenye soli za viatu vyako vya kazini maana naona zimeachia. Sijanunua sosi ya haradali hata moja @Bwana_Gunia.

Kilichobaki ni hii kuponi ya chakula cha paka, punguzo dola 2, inaisha tarehe 30. Siwezi kuitupa, roho inakataa. Mwenye paka maeneo ya Columbus aje PM.

---

Mzee_wa_Tonge aliandika:

Paka ninaye ila yuko Buguruni na anakula dagaa. Nitumie hiyo karatasi nikaijaribu kwa muuza dagaa kesho asubuhi.